Mke wa kuazima

Kwa miaka mingi kazi yangu benki ilikuwa kukagua dhamana. Mteja akishapita kwa afisa mikopo, faili lilikuja mezani kwangu, nami nilitakiwa kujiridhisha na mambo matatu: kwamba hati ni ya kweli, kwamba nyumba ina thamani inayotajwa, na kwamba kama mwenye nyumba ana mke au mume, huyo mwenza anajua nyumba inawekwa rehani na amekubali.

Mawili ya kwanza yana ofisi zake. Hati unaipeleka kwa Msajili wa Hati, unalipia upekuzi, unapewa majibu: mmiliki nani, kiwanja namba ngapi, umiliki unaisha lini, kuna rehani nyingine au zuio. Thamani ina mthamini aliyesajiliwa, na ripoti yake hupita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. La tatu halina ofisi. Lina barua ya serikali ya mtaa, kiapo mbele ya wakili, na picha mbili za pasipoti zilizobandikwa kwa gundi.

Wizi mwingi niliouona ulipitia hapo kwenye gundi.

Ukitaja utapeli wa mikopo ya nyumba, watu wanawaza vijana waliojifungia chumbani na mashine za kuchapa hati feki. Wapo, na nimezishika kazi zao. Kilichokuwa kinawaumbua ni usafi. Hati halisi ya miaka ya themanini ina mikunjo, pini zimeshika kutu, wino wa muhuri umefifia upande mmoja kwa sababu karani wa enzi hizo aligonga kwa haraka. Ya kwao imenyooka kama noti mpya. Na hata ingekuwa imechakazwa vizuri, upekuzi ungeikamata: namba ya hati unaikuta ni ya kiwanja kingine, au haimo kabisa kwenye daftari. Aliyekuwa anatupita ni mwingine. Huyo anakuja na hati ya kweli, nyumba ya kweli, jina lake mwenyewe, na mke wa kuazima.

Kuna faili moja lilinifikia likiwa limeshaoza. Mkopo ulitolewa tawi jingine. Mkopaji, mzee wa makamo mwenye duka la vipuri vya magari, aliweka rehani nyumba yake ya Tabata, Dar es Salaam, ili amalizie nyumba ya pili aliyokuwa anajenga Goba. Alirejesha kwa muda, akaanza kusuasua, kisha akanyamaza. Notisi ikatoka. Sheria yetu ya ardhi hapa Tanzania inampa mdaiwa siku 60 tangu apewe notisi kabla benki haijashika nyumba. Kabla hazijaisha akaja mama mmoja kaunta, akaelekezwa kwangu.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kukaa. Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa cheti cha ndoa cha kanisani kilichofungwa ndani ya gazeti, akakiweka juu ya meza.

"Mwanangu, naambiwa nilisaini. Nionyeshe nilipoweka saini."

Nikamfungulia ridhaa ya mwenza. Jina lilikuwa lake, majina yote matatu. Akasoma taratibu kwa kidole mpaka akafika kwenye picha.

"Huyu namfahamu. Anauza maandazi pale jirani na duka la mume wangu."

Alikuwa amekwenda Songea kumuuguza mama yake, akakaa huko muda mrefu. Katika muda huo mume akapata barua ya mtaa inayosema "ninamtambua yeye pamoja na mkewe", akaenda kwa wakili na muuza maandazi, kila karatasi ikagongwa muhuri. Baadaye tulikuja kuambiwa yule dada alipewa laki mbili na akaelezwa kwamba anakwenda kuwa shahidi.

Kilichonikaa zaidi ni ripoti ya mthamini. Wathamini hupiga picha za kila chumba. Katika picha ya sebule, juu ya kabati la vyombo, ilitundikwa picha ya harusi, kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Bibi harusi ni yule mama aliyesimama mbele yangu, kapungua umri tu. Ripoti hiyo ilikuwa faili moja na ridhaa ya muuza maandazi, kurasa chache zikiwatenganisha, na ilipita mikononi mwa watu wanne au watano wenye elimu zao.

Sheria haikuwa na upungufu. Tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikarudia hivyo kwenye kifungu cha 114. Mwaka 2008, ilipotungwa sheria ya kuchochea mikopo ya nyumba, kifungu hicho kikaongezewa meno: mkopaji lazima aseme kama ana mwenza, benki ichukue hatua za kuridhisha kuthibitisha, na anayedanganya kwa kiapo atozwe faini isiyopungua nusu ya mkopo au afungwe si chini ya miezi 12. Kwenye mafaili yaliyopita mikononi mwangu, sikuona hata mmoja aliyefungwa kwa hilo. Benki inataka pesa yake, na kesi ya jinai haileti pesa. Mwenyekiti wa mtaa anasema alimwamini jirani yake. Na yule mama, nilipomuuliza kama anataka kwenda polisi, alinitazama kama niliyemtukana. "Nimfunge baba wa wanangu, halafu ada nani alipe?"

Nyumba haikuuzwa. Mahakama ilizuia mnada, na baada ya mivutano mirefu familia ikauza lile pagale la Goba kwa bei ya kutupa, wakalipa deni la msingi, benki ikasamehe sehemu kubwa ya riba. Sehemu iliyosamehewa haikuyeyuka hewani. Kila benki inayokopesha huweka ndani ya riba hasara inayotarajia kuipata kwa wasiolipa. Kwa hiyo aliyelipia uongo wa Tabata ni mwalimu fulani wa Mbeya au nesi wa Dodoma, ambaye hajawahi kukosa rejesho hata mwezi mmoja.

Sasa niseme upande wa pili, maana ningekuwa mnafiki nikiuacha. Sheria hiyohiyo inayomkinga mama wa Songea inatumiwa na wajanja. Mume na mke wanakuja pamoja, wote wa kweli, wanasaini huku wanatabasamu. Mkopo ukiwashinda, mke anakwenda mahakamani kulia kwamba hakuwahi kuambiwa, saini si yake, wakati wa kusaini alikuwa kijijini. Wanapata zuio, mnada unasimama, wanaendelea kulala ndani ya nyumba miaka. Niliwahi kumsikia mzee mmoja kwenye korido ya mahakama akimfundisha mkewe la kusema, bila hata kushusha sauti. Hakimu anakuwa na wanawake wawili mbele yake, mwaka huu mmoja na mwaka ujao mwingine, maneno ni yaleyale, na mmoja tu ndiye anasema kweli.

Halafu kuna utata ambao hata mtu mwaminifu unamkwamisha. Mke ni nani? Sheria yetu inatambua ndoa ya kanisani, ya Kiislamu, ya bomani na ya kimila, na kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, huchukuliwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengi wa namna hiyo hawana cheti chochote. Mwingine ana bi mkubwa Tabata na bi mdogo Mbagala. Anamleta bi mdogo na cheti halali cha ndoa, anasaini kwa moyo mweupe, kumbe nyumba inayowekwa rehani ni ile anayoishi bi mkubwa. Hapo hakuna aliyeghushi karatasi, lakini mama wa Tabata anaibiwa vilevile.

Benki zikajibu kwa namna wanavyojua: karatasi juu ya karatasi. Barua ya mtaa ikawa haitoshi, ikatakiwa na ya mjumbe wa nyumba kumi. Wanandoa wakatakiwa wapigwe picha wamesimama mbele ya nyumba yao, mlango uonekane. Kuna mahali nilikuta wanadai watoto waliofikisha miaka 18 nao waandike kwamba wanajua. Asiye na mwenza akaapishwa kwamba hana. Siku moja alikaa mbele yangu muuguzi mstaafu, hajaolewa maisha yake yote, amejenga Kimara kwa mshahara wake na upatu wa wenzake wodini. Akaambiwa alete ushahidi kwamba hana mume. "Dada, nikuletee kutoka wapi huyo ambaye hayupo?" Aliondoka, akaenda kukopa kwenye SACCOS kwa muda mfupi na masharti mabaya zaidi. Mke wa kuazima ndiye aliyemfungia mlango.

Marekani utapeli wa namna hii ulizaa kinyume chake. Huko mapato yalidanganywa, thamani zikapandishwa, na mikopo ikazidi kumwagwa kwa sababu aliyetoa mkopo aliuuza kwa mwingine kabla haujaharibika. FBI ilionya hadharani mwaka 2004 kwamba wizi wa mikopo ya nyumba unaweza kuwa janga, na nyumba ziliendelea kupanda bei mpaka 2006, kisha soko likaporomoka kati ya 2007 na 2008. Kwetu benki hubaki na mkopo wake mpaka mwisho, kwa hiyo ikiumwa mara moja inarudi nyuma. Soko letu limebaki dogo mno, haliwezi kuporomoka kwa kishindo. Mikopo yote ya nyumba nchini ni chini ya asilimia 1 ya pato la taifa. Utapeli si sababu pekee, wala si ya kwanza. Viwanja vingi havijapimwa, vipato vya wengi havina hati ya mshahara, na riba, ambayo kwa miaka mingi imekuwa asilimia 15 mpaka 19, inamtisha yeyote anayejua kupiga hesabu. Hata kuanzishwa kwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, TMRC, mwaka 2010, kulisaidia kurefusha muda wa kulipa bila kuondoa woga. Lakini woga huo naujua ulikozaliwa, nilikuwa nauona kwenye vikao vya mikopo: mkuu wa kitengo anakumbuka kesi moja ya miaka mitano iliyopita na kumkatalia mtu ambaye hana uhusiano wowote nayo.

Ukitaka kuona woga huo ukiwa umeandikwa, pita mitaa ya Dar es Salaam. NYUMBA HII HAIUZWI. KIWANJA HIKI HAKIUZWI, JIHADHARI NA MATAPELI. Rangi nyekundu, herufi kubwa, mara nyingine na namba ya simu chini. Mgeni anacheka. Mwenye nyumba anajua kwamba mtoto wa marehemu, shemeji, au mpangaji mwenye ujasiri anaweza kujifanya mwenye nyumba kwa wiki moja, akaionyesha kwa wanunuzi watatu na kupokea malipo ya awali kwa wote. Nimeona mthamini akirudisha kazi kwa sababu ya maandishi ya aina hiyo: mkopaji anasema nyumba ni yake na haina mgogoro, ukuta unasema familia haijakubaliana.

Mnada nao umeharibika. Watu wanadhani mnada wa benki ni mahali pa kuokota nyumba kwa bei rahisi, na kweli bei ni rahisi, ila wengi hawajiulizi urahisi umetoka wapi. Ripoti ya uthamini huwa na bei mbili, ya soko na ya mauzo ya haraka. Nyumba ya milioni 100 sokoni inaweza kuandikiwa milioni 70 ya mauzo ya haraka, na hiyo ndogo ndiyo benki inayoitazama ikikopesha. Siku ya mnada dalali anakuja na spika na watu wake, anasoma masharti: asilimia 25 papo hapo, salio ndani ya siku 14. Wanaotoa bei ni walewale kila wiki, wanajuana, wanapeana zamu. Mnunuzi wa kawaida, mwenye familia anayetafuta pa kukaa, hayupo. Anaogopa kununua nyumba yenye mama wa Songea ndani.

Sheria inamlinda anayenunua kwa nia njema, na inailazimisha benki itafute bei nzuri: ikiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa imevunja wajibu wake mpaka ijitetee. Ni vifungu vizuri. Tatizo ni kwamba kifungu hakikupi funguo. Nawajua watu walioshinda mnada, wakalipa, wakapata na uhamisho wa hati, na bado wanapanga kwingine kwa sababu aliyemo ndani ana zuio la muda linaloongezwa kila likiisha. Kwa hiyo bei za mnada zinashuka, benki ikiona zinashuka inapunguza kiwango inachokopesha kwa nyumba inayofuata, na mkopaji mwaminifu anaambiwa alete mtaji mkubwa zaidi mfukoni. Asipokuwa nao anajenga kwa matofali ya mwezi kwa mwezi, chumba kimoja anahamia, sebule itakuja baadaye. Pengo la nyumba linalotajwa na wakubwa, milioni 3 hivi na 200,000 kila mwaka juu yake, ukilitafuta mtaani utalikuta limesimama likiwa mapagale.

Mambo yamebadilika kiasi. Kitambulisho cha Taifa na alama za vidole vimeifanya kazi ya mke wa kuazima kuwa ngumu. Muuza maandazi leo asingeweza kuitwa kwa majina matatu ya mwenzake mbele ya kompyuta. Hati za kielektroniki za ukurasa mmoja, zilizoanza kutolewa enzi za William Lukuvi akiwa Waziri wa Ardhi, zimepunguza kazi ya wale wachapaji hati feki wa chumbani. Taarifa za wakopaji sasa zinaonekana benki kwa benki. Ila ndoa bado zimetawanyika: nyingine ziko RITA, wakala wa serikali wa usajili, nyingine kwenye daftari la parokia, nyingine kwa sheikh, nyingine kwenye kumbukumbu za wazee waliopokea mahari. Hakuna mahali afisa wa benki anaweza kuuliza "huyu ana mke?" na kujibiwa.

Tangu niache kazi, ndugu na majirani wananipigia kuuliza haya. Wanawake nawaambia waende Ardhi wafanye upekuzi wa nyumba wanayoishi, hata kama ndoa ni shwari. Gharama yake ni ndogo na mume hahitaji kujua. Kama jina la mwanamke halimo kwenye hati naye ana wasiwasi, aweke zuio. Msajili hulipokea akiridhika kwamba ana maslahi katika nyumba hiyo. Wengi wananijibu kwamba mume akigundua itakuwa vita. Najua. Na sina jibu la kitaalamu kwa hilo. Rafiki wa mwenye shida, yule anayeombwa "njoo tu usaini kama mke wangu, ni utaratibu wa benki", namwambia kifungu cha 114 na faini ya nusu ya mkopo, na huyo huwa ananielewa haraka.

Mtoto wa kaka yangu amekuja juzi na gazeti lenye tangazo la mnada, nyumba ya Kimara, bei ya kuanzia ni kama bure. "Shangazi, nisaidie kukagua hati." Nikamwambia hati tutaikagua, lakini kwanza aende pale jioni, watu wakiwa wamerudi kazini, apige hodi, aamkie, aulize nani anaishi humo na tangu lini. Aende pia kwa mjumbe na kwa jirani wa kushoto na wa kulia. Akanung'unika kwamba yeye ananunua nyumba, haposi. Akaenda.

Alikuta mama na watoto wakubwa, wakamkaribisha ndani vizuri, wakamwonyesha karatasi za Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, na tarehe ya kutajwa kesi. Mume yuko kwa mke mwingine. Mtoto wa kaka yangu akanunua kiwanja Chanika kwa fedha taslimu, na sasa ananisumbua kuhusu upimaji. Nyumba ya Kimara imetangazwa tena wiki hii, na bei ya kuanzia imeteremshwa.